Mji ni Kuhitajiana

Ni lipi lililowakusanya watu wa kale mijini? Tuutazame mji wa Uruk, kusini mwa Iraki, karibu na mto Furati. Yapata miaka 5,000 iliyopita, makumi ya maelfu ya watu waliishi humo. Mvua ya huko ni haba. Shayiri haikumea ila kwa maji ya mifereji, na mfereji mkubwa hauchimbwi na nyumba moja. Mavuno yakahitaji ghala, ghala likahitaji hesabu, na hesabu ikazaa maandishi juu ya vibao vya udongo: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi. Mfumaji, mfinyanzi na mkulima, kila mmoja akala kwa jasho la mwenziwe.

Nasi leo twaishi ukuta kwa ukuta bila kujuana. Sisi tunaoandika haya tuliwahi kupata habari ya ugonjwa wa jirani yetu siku ya maziko yake. Huo si mji, ni msongamano. Enyi akina mama, ile desturi ya kumpelekea jirani bakuli la kitoweo isife mikononi mwetu. Tuanze leo, kwa mlango ulio karibu zaidi. Wabillahi tawfiq.