SEHEMU YA 3: "ITASHUKA YENYEWE." MPAKA LINI?

Wamama wenzangu, leo tunaongea kitu tunachokionea aibu: korodani za watoto wetu.

Kuna mama alileta mtoto wa miaka 7 kutahiriwa. Namwandaa, nagusa mfuko, upande mmoja mtupu. Mama akaniambia, "Nilijua tangu mchanga, nesi. Niliambiwa itashuka yenyewe." Na nani? "Bibi yake. Na nesi wa kliniki."

Hapo kwenye nesi ndipo paliponiuma. Bibi simlaumu. Lakini sisi tuliokaa darasani?

Tuelewane. "Itashuka yenyewe" ni kweli, ila ina mwisho wake. Katika watoto 100 wa kiume waliotimiza miezi tumboni, kama 3 hivi huzaliwa korodani moja au zote hazijashuka. Njiti ni wengi zaidi. Nyingi hushuka ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Ikifika miezi 6 bado (kwa njiti hesabu kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa), ni nadra sana ishuke. Kuanzia hapo kusubiri sio matibabu. Ni kumpotezea mtoto muda.

Korodani inataka ubaridi, ndio maana inakaa nje. Ikibaki kinenani au tumboni inachemka na joto la mwili, na uwezo wa kutengeneza mbegu unaanza kuharibika mtoto akiwa bado ananyonya. Hatari ya saratani ya korodani ukubwani inaongezeka. Na inaweza kujisokota, au mtoto akawa na ngiri.

Upasuaji unatakiwa kati ya miezi 6 na 18. Anapewa nusukaputi, anachanwa kidogo kinenani, korodani inashushwa na kushonewa mahali pake. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kukanda na mafuta hakuishushi.

"Mdogo hivyo apasuliwe?" Ndiyo, mama. Udogo ndio wakati wenyewe. "Si anayo nyingine?" Anayo, lakini ile iliyojificha ndiyo ya hatari. "Hela?" Hapa Tanzania sera inasema chini ya miaka 5 anatibiwa bure hospitali za serikali. Ukisubiri afike 7, msamaha umeshapita.

Mwangalie nyumbani. Muogeshe maji ya uvuguvugu, pasha mikono yako, gusa taratibu kila upande. Kuna korodani inayopanda akihisi baridi na kushuka akipata joto. Hiyo kwa kawaida haihitaji kisu, ila ipimwe kila mwaka, maana nyingine hupanda zikabaki juu. Mchanga asiye na hata moja aonwe na daktari kabla hamjaruhusiwa kutoka hospitali.

Manesi wenzangu, tunapima uzito, tunachoma chanjo, tunaandika kadi, pampasi hatufungui. Mtoto anakuja kliniki mara zote hizo, halafu tatizo linaonekana siku ya tohara! Hiyo ni aibu yetu, sio ya mama.

Kama wako kashavuka umri, usikate tamaa, mpeleke. Yule wa miaka 7 tumemwandikia rufaa.

Na wewe mwenye mchanga, ukienda kliniki sema, "Nesi, naomba umwangalie na korodani." Ukiambiwa subiri, uliza: mpaka lini? Kama kashapita miezi 6, usiondoke bila rufaa.

Mtumie na baba yake asome. Sehemu ya 4: ngiri na busha kwa watoto.