Mmea Ulionawiri na Usalama wa Chakula

Mmea uliopandwa katika udongo wenye kadimiamu hudumaa, majani yake hugeuka manjano na mizizi yake hufupika. Wataalamu wametambua kwamba madini mengine yaweza kuusaidia. Silikoni, ipatikanayo kwa wingi katika majivu ya makapi ya mpunga, huimarisha kuta za seli za mizizi na kuzuia sehemu ya sumu isipande shinani. Zinki nayo hushindana na kadimiamu katika kuingia mzizini, kwani metali hizo mbili hufanana kikemia.

Maarifa hayo ni ya thamani. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mmea uliosaidiwa hivyo waweza kunawiri huku punje zake zingali na sumu, na kadimiamu ikishaingia mwilini hukaa katika figo kwa miaka mingi.

Nchini Japani, katika bonde la mto Jinzu, maji machafu ya mgodi wa Kamioka yaliingia mashambani. Wakazi waliokula mchele wa huko, hasa wanawake, walipatwa na ugonjwa wa figo na mifupa ulioitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali iliutambua rasmi mwaka 1968. Kazi ya kuurekebisha udongo huo haikukamilika hadi mwaka 2012.

Basi mkulima na apewe silikoni na zinki, lakini kwanza chanzo cha sumu kizibwe, na mavuno yapimwe katika maabara kabla ya kuliwa. Kadimiamu iliyomo katika wali haionekani kwa macho.