Mgeni wa Tatu Mezani



Jumapili iliyopita binti wa kaka yangu alinijia, macho yamemvimba. Nikadhani pametokea msiba. "Shangazi," akaniambia, "uchumba huu umenishinda."

Kisa chenyewe ni hiki. Alikutana na mchumba wake katika mkahawa mmoja wa pwani hapa Dar es Salaam. Barua ya posa ilikwisha kupokelewa, na wazee walikuwa katika mazungumzo ya mahari. Binti alikuwa na neno zito moyoni: amepimwa hospitalini na kuonekana kuwa anabeba kinasaba cha selimundu. Yeye mwenyewe si mgonjwa. Lakini iwapo mwenzake naye anakibeba, katika kila mimba uwezekano wa kuzaliwa mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Alitaka kumwomba naye akapime kabla ya ndoa.

Akaanza kueleza. Simu ya kijana ilikuwa juu ya meza. Ikawaka; akaitupia jicho. Ikawaka tena, akaichukua, akasoma, akacheka. Kisha akasema, "Endelea tu, nakusikia." Binti hakuendelea. Alimaliza soda yake, akaomba kurudi nyumbani.

Kijana yule si mtu mbaya. Wengi wetu tunafanya hivyo hivyo. Lakini mshika mbili moja humponyoka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, waliwaketisha watu wawili wawili wasiojuana ili wazungumze kwa dakika 10. Karibu nao iliwekwa ama simu isiyo ya yeyote kati yao, ama daftari. Waliowekewa simu walijiona hawakukaribiana sana, hasa walipozungumzia mambo mazito. Chunguzi nyingine za baadaye hazikupata matokeo hayo kila mara, lakini aliyewahi kuzungumza na mtu anayechungulia simu hahitaji kusubiri watafiti waafikiane.

Sisemi simu iachwe nyumbani. Siku hizi fedha za nauli zimo ndani yake, na kazi za watu pia. Nasema iwe na mahali pake. Mnapoketi, izime sauti na uitie mfukoni au mkobani. Ikiwa mama amelazwa na unangoja habari, mwambie mwenzako mapema. Ikilia, omba radhi, sogea kando, zungumza kwa ufupi, urudi. Usimpige mwenzako picha na kuisambaza bila idhini yake. Wala usidai kupekua simu yake. Uaminifu haupatikani kwa upekuzi.

Na kwenu mabinti, kama nilivyomwambia huyu wangu: kununa si jawabu. Ulirudi na siri yako, naye akarudi asijue kosa lake. Ungenyamaza hadi siku ya harusi, nani angeumia? Mtoto asiyekuwa na hatia.

Jumatano walionana tena. Safari hii alitangulia kusema, "Naomba uzime simu, nina neno." Kijana akaizima. Alhamisi walikwenda hospitalini pamoja. Majibu bado hayajatoka. Lakini yawayo yote, watayapokea wawili, bila mgeni wa tatu mezani.