MWALIMU ANAPOPEWA SOMO ASILOLISOMEA



Wapenzi wanafunzi, na nyinyi wazazi mtakaosomewa ukurasa huu na watoto wenu, kila mwaka jarida letu linapotayarishwa walimu huombwa waandike nasaha kwa wanafunzi. Mwaka huu tumeona tuandike nasaha kwa walimu na kwa uongozi wa madrasa, na tuanze kwa kujishitaki wenyewe, kwani jambo tunalotaka kulisema lilitufika sisi.

Tulianza kusomesha mwaka 2016. Stashahada yetu ni ya taaluma ya Kiislamu, lakini aliyepita katika vyuo hivyo anajua kuwa jina hilo ni pana kuliko kilichomo ndani yake. Sisi tulielemea zaidi kwenye lugha ya Kiarabu na tarekhe. Mirathi tuliisoma majuma matatu tu, mwisho wa muhula, wakati kila mmoja wetu ameshaanza kuhangaikia mtihani. Tulijibu swali moja la mirathi katika mtihani huo, tukapasi, na hatukulifungua tena daftari lile.

Mwaka uliofuata mwalimu wa mirathi alihama, na mudiri akatwita ofisini. Somo limebaki halina mtu, alisema, na wewe una stashahada. Tukanyamaza. Mwenye kunyamaza huhesabiwa amekubali, na Jumatano iliyofuata tulikuwa mbele ya darasa la sita na kipande cha chaki mkononi.

Hatumlaumu mudiri kwa kutupa somo. Madrasa zetu zinaendeshwa kwa ada ndogo na sadaka za wazazi, walimu ni wachache, na mwalimu akiondoka hakuna wizara ya kuleta mwengine. Aliyepo ndiye atakayeshika chaki. Watu wengi pia hudhani kuwa aliyesoma dini amesoma dini yote, kama kwamba fundi seremala anaweza kupewa kushona kanzu kwa sababu wote wawili ni mafundi. Tajwidi ni fani, nahau ni fani, na mirathi ni fani yenye vitabu vyake na wanazuoni wake. Lakini yote haya tuliyajua siku ile ofisini na hatukuyasema. Tuliona haya.

Basi tukawa tunasoma usiku yale tutakayosomesha kesho yake alasiri. Majuma ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Tuliwaandikia wanafunzi mafungu sita yanayopatikana katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, nayo ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Tukawapa mas-ala ya mtu aliyefariki akaacha mke, mama, baba, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke ana thumuni, mama sudusi, baba sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume apate mara mbili ya wa kike. Mali ikigawiwa mafungu 72, mke anapata 9, mama 12, baba 12, mtoto wa kiume 26 na wa kike 13. Kuna mwanafunzi aliyeipata 72 kabla hatujamaliza kuandika swali ubaoni, kwa sababu skuli alikuwa ameshafundishwa kigawe kidogo cha shirika na akakijua vizuri kuliko sisi. Tulimsifu kwa sauti kubwa ili darasa lisitambue kuwa sisi jibu hilo tulikuwa nalo kwenye karatasi mfukoni.

Siku moja binti mmoja wa darasa hilo akanyoosha mkono. "Ustadh, mwanamke akifa akaacha mume na dada zake wawili wa baba mmoja mama mmoja, hana mtoto, hana mzazi wala babu wala kaka, inakuwaje?" Swali hilo halikuwemo katika karatasi yetu ya siku ile. Tukaandika ubaoni kuwa mume ana nusu, kwa kuwa hakuna mtoto, na dada wawili wana thuluthi mbili. Tukajumlisha. Nusu ni tatu ya sita, thuluthi mbili ni nne ya sita, jumla ni saba ya sita. Tukahesabu tena na ikatoka saba vile vile. Mali moja, na mafungu yameizidi.

Mbele yetu kulikuwa na watoto thalathini na kitu wakingoja. Ingekuwa sahali kusema hatujui, tutauliza, jibu Jumatano ijayo. Badala yake tukafuta ubao na kusema kwa sauti ya kujiamini kuwa mume achukue nusu yake kwanza na dada wagawane nusu iliyobaki. Binti akaandika, akapiga mstari chini ya jibu, akashukuru.

Hatukujua kuwa swali lile lilikuwa la nyumbani kwao. Mama yake mdogo alikuwa amefariki mwezi uliopita, na warithi walikuwa mume wake na dada zake wawili, mmoja wao mama wa binti huyu. Fedha za kiwanja kilichouzwa, baada ya kutoa gharama za maziko na madeni, zilikuwa shilingi 8,400,000, na wasia haukuwepo. Siku ya arubaini jamaa walikaa kuzungumza, na mama yule akasema hakuna haja ya kwenda mbali, mtoto kaandika kwa ustadh wake. Daftari likaletwa. Mume akapewa 4,200,000 na kila dada 2,100,000.

Mwezi mmoja baadaye binti alimwonyesha daftari lile maalim mmoja mtu mzima aliyekuwa akisomesha mirathi msikitini kwa miaka mingi. Maalim alitwita nyumbani kwake. Hakutugombeza. Alitwekea kahawa, akatuuliza jibu tumelitoa kitabu gani, nasi tukalazimika kusema kuwa tumelitoa kichwani. Ndipo akatufundisha mlango wa auli, ambao ni wa mas-ala kama haya, mafungu yanapozidi mali. Sita inapandishwa ikawa saba, na kila mrithi anapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Mume ana tatu katika saba na dada wana nne. Tukapiga hesabu pale pale juu ya jamvi, ikatoka 3,600,000 kwa mume na 2,400,000 kwa kila dada. Kwa kalamu yetu shilingi 600,000 zilikuwa zimetoka kwa wenyewe zikaenda kwa asiyestahiki, naye masikini hana kosa.

Maalim akatuongezea jambo ambalo hadi leo tukilikumbuka tunacheka kidogo na kuona haya zaidi. Alisema Ibn Abbas (R.A.) naye hakuikubali auli, na kwa rai yake mas-ala haya yangefika karibu na jibu letu. Madhehebu manne yote yameshika auli, na ndiyo yanayofuatwa kwetu. Lakini Ibn Abbas alisema alilosema baada ya kuijua mas-ala na kuipima kwa elimu yake. Sisi tulisema kwa kuwa kengele ilikuwa inakaribia kulia.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mume kumweleza. Alikuwa amekwishanunua mabati. Alikuwa muungwana, hakubisha, akarudisha kidogo kidogo kwa muda wa miezi saba, lakini kati yake na shemeji zake mazungumzo hayakuwa tena yale ya zamani. Na binti yule hakuuliza swali jingine darasani mwaka mzima uliobaki. Sisi tulioomba radhi kwa mama yake tulisamehewa mlangoni tu. Mkono ule usionyoshwa tena tulikuwa tukiuona kila Jumatano.

Sasa tuangalie wakubwa wetu walifanya nini. Mas-ala ya mume na dada wawili inasimuliwa kuwa ndiyo ya mwanzo ya auli katika Uislamu, na iliwafika watu katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.). Yeye alikuwa Amirul Muuminina, watu wanamngoja, na mafungu yamezidi mali kama yalivyotuzidi sisi ubaoni. Alisema wazi kuwa hajui nani amtangulize na nani amcheleweshe, akawakusanya Masahaba kushauriana. Umar alishauriana juu ya swali ambalo sisi tulilijibu peke yetu mbele ya darasa la sita!

Tumtazame na Zaid bin Thabit (R.A.), ambaye ndiye aliyesifiwa kwa ujuzi wa mirathi kati ya Masahaba. Mtume (S.A.W.) alimpa kazi ya kujifunza maandishi ya Mayahudi, kazi ambayo hakuwa akiijua, kwa ajili ya barua zilizokuwa zikiandikwa na kupokewa. Akapewa nafasi ya kujifunza kwanza, naye kwa werevu wake akamaliza kwa muda wa kama nusu mwezi, ndipo akawa msomaji na mwandishi wa barua hizo. Na baada ya vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar (R.A.) alipomtaka aikusanye Qur'ani, Zaid hakunyamaza kama tulivyonyamaza sisi ofisini. Alieleza uzito wa kazi ile, hata akaona kuhamisha jabali kungekuwa kwepesi kwake zaidi. Alipoikubali hakutegemea kifua chake peke yake ingawa alikuwa amehifadhi, bali alifuatilia yaliyoandikwa na waliohifadhi. Kwa hiyo kumpa mtu kazi mpya si jambo geni katika dini yetu. Geni ni kumpa bila ya muda wala mtu wa kumrejea, naye akajifanya anajua.

Tumewahi kusikia hoja mbili dhidi ya maneno haya. Ya kwanza ni kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na mwalimu akikataa somo watoto watakaa bure. Katika masomo mengi tunaikubali. Mwalimu wa tarekhe akikosea mwaka wa vita, atasahihisha juma lijalo na hakuna aliyedhulumika. Mirathi siyo hivyo, wala hukumu za talaka na eda, kwa sababu mtoto anaondoka na daftari na daftari linafika kwenye mali na ndoa za watu. Masomo ya namna hii ni bora yasimame muhula mmoja.

Hoja ya pili ni kuwa mwalimu akisema hajui haiba yake itaanguka mbele ya wanafunzi. Imam Malik (R.A.) inasimuliwa kuwa aliulizwa mas-ala 48, na katika 32 kati ya hayo akajibu kuwa hajui, na haiba yake haijaanguka mpaka leo. Na Allah (S.W.) katika Suratun Nahl, aya ya 43, ametuelekeza tuwaulize wenye ujuzi tusipojua. Aya hiyo tumewahifadhisha watoto wetu wengi, kisha tukisimama mbele yao tunaona aibu kuitumia.

Tunauomba uongozi wa madrasa, na tunaomba bila ya kuficha, kwamba mwalimu atakayepewa somo asilolisomea akae muhula mmoja nyuma ya darasa la mwenye kulijua kabla ya kushika ubao, hata ikiwa ni darasa la msikitini au la madrasa jirani. Na apewe mtu mmoja maalumu wa kumwuliza, ajulikane kwa jina, ili asione kuwa kila akiuliza anaomba hisani. Nauli ya kumfikia mtu huyo haizidi gharama ya maandazi ya sherehe moja.

Wazazi wetu, nasi tunawaomba jambo. Daftari la mtoto ni zoezi, halijawa hukumu. Mnapofikwa na msiba wenye mali ya kugawiwa, hata ikiwa ni ndogo, nendeni kwa Kadhi, na hapa Zanzibar ipo pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mpelekeeni majina ya warithi wote, mtaje walio hai na waliotangulia, kwani mrithi mmoja akisahauliwa hesabu yote hubadilika.

Nanyi wanafunzi, ulizeni. Mwalimu akikwambia subiri mpaka Jumatano, usimcheke wala usiende nyumbani ukasema ustadh hajui kitu. Mkumbushe tu Jumatano ikifika, maana na sisi walimu husahau, wengine kwa makusudi.

Baada ya mambo yale tulikaa kwa maalim miaka miwili, kila Jumapili baada ya sala ya alfajiri, tukasoma Ar-Rahabiyya mlango kwa mlango. Mirathi tunaisomesha mpaka leo. Katika kurasa za mwisho za daftari letu kuna sehemu ya maswali tuliyoulizwa darasani tukashindwa kuyajibu, na kila moja limeandikiwa tarehe lilipoulizwa na tarehe lilipojibiwa. Yapo matatu yasiyo na tarehe ya pili.

Mwaka huu amekuja ustadhi mpya, msomi wa tajwidi, naye amepangiwa mirathi ya darasa la tano kuanzia mwakani. Tulipomwuliza kama amewahi kuisoma alicheka, akatazama chini, na jibu tukalielewa. Kwa sasa anakaa nyuma ya darasa letu kila Jumatano pamoja na watoto, na juma lililopita alinyoosha mkono kuuliza kuhusu fungu la babu anapokutana na ndugu wa marehemu. Tukamwambia asubiri mpaka Jumatano.