Taarifa ya Kompyuta Isiyoaminika

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, jina Ubuntu halihitaji mkalimani. Mrundi asemapo "ku buntu" ana maana ya bure. Mfumo wenye jina hilo, wa jamii ya Linux, ulitolewa mwaka 2004, nao huendesha kompyuta pasipo kununua leseni. Hata hivyo kitu cha bure nacho chataka matunzo, na kilio cha kila mara ni kwamba kompyuta husema programu zimepitwa na wakati ilhali mwenyewe amekwisha kuzihuisha.

Yafaa ifahamike kuwa kompyuta hutazama orodha iliyowekwa ndani yake, ikailinganisha na vifurushi vya programu vilivyomo (si vile vya intaneti vinunuliwavyo kwa simu). Orodha ikiwa ya mwaka jana, jibu nalo ni la mwaka jana. Amri ya "sudo apt update" huleta orodha mpya tu. Vifurushi vyenyewe hubadilishwa na "sudo apt upgrade". Wengi huishia kwenye ile ya kwanza. Aidha, betri ndogo ya saa ikifa, tarehe hurudi nyuma, na orodha mpya hukataliwa kana kwamba imeandikwa kesho.

Lililo gumu ni namba za matoleo. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za benki na za barua. Watengenezaji waliitibu kwa toleo 1.0.1g. Debian, ambayo ndiyo mama wa Ubuntu, haikupandisha toleo; ilitwaa dawa peke yake ikaitia katika lile la zamani, likawa 1.0.1e-2+deb7u5. Aliyesoma herufi "e" aliona mgonjwa, kumbe mkia wa namba ulikuwa ukisema amepona. Desturi hiyo ingaliko. Basi kabla ya kung'oa kifurushi na kuweka kilichookotwa kwingine, isomwe historia yake kwa "apt changelog" na jina la kifurushi. Tena programu iliyokuwa ikifanya kazi hubaki na ugonjwa wake mpaka izimwe na kuwashwa upya, hata kama dawa imekwisha kuingia diskini.

Ya kuogopwa zaidi ni taarifa iliyo tulivu. Masahihisho ya kawaida ya Ubuntu 20.04, iliyotoka Aprili 2020, yalikoma mwaka 2025. Kompyuta yenye toleo hilo yaweza kujibu kwamba kila kitu ni kipya, wala haisemi uongo, kwa kuwa hakuna kipya kiletwacho tena. Familia ya askari inayotazama akiba yake ya benki kwa kompyuta ya namna hiyo imeacha mlango wazi bila kujua. Amri ya "lsb_release -a" hutaja toleo. Likiwa ni hilo, picha na hati zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, kisha mfumo upandishwe hadi 22.04. Asiyeweza kufanya hivyo upesi ajiandikishe Ubuntu Pro, ambayo humpa mtu binafsi masahihisho bila malipo kwa kompyuta zisizozidi 5.