Wakili Bila Fizikia?

Wenzangu, wako wanaoacha fizikia na kemia ati kwa sababu watasomea uwakili. Ngojeni kidogo! Yuko wakili wa hataza, yaani hati inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wake. Hapa Kenya, kwa sheria ya 2001, hudumu miaka 20. Wakili huyu hueleza kwa maandishi jinsi mtambo unavyofanya kazi. Asipouelewa, ataacha mwanya, na mwigaji atapenya humo sheria isimguse. Ndiyo maana Marekani mtihani wa kuombea wavumbuzi hataza hudai elimu ya sayansi au uhandisi. Shahada ya sheria peke yake haitoshi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Katika kazi hii, mshika moja ndiye hubaki mikono mitupu. Basi, maabara tusiikimbie!