Kimo Si Kipimo Pekee

Mwaka 2009, klabu za mpira wa kikapu za Marekani zilipogawana wachezaji chipukizi, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliteuliwa wa pili, na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Wapimaji walivutiwa mno na kimo cha kijana huyo, mita 2.21. Mwaka 2014 wakamwacha Nikola Jokić wa Serbia hadi nafasi ya 41. Naye akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, 2022 na 2024.

Ni dhahiri kwamba kimo hupimwa kwa dakika moja, bali akili ya mchezo huchukua miaka kudhihirika. Wanaoendelea kumbeza Thabeet hawana budi kukumbuka kwamba nafasi ile hakujipangia mwenyewe. Lawama ziwaendee waliopima.